Kuongeza ufanisi wa seli za sola za oganiki kwa kiongezi: mwongozo wa maabara

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitia kiasi kidogo cha kiongezi, dithioli, kwenye mmumunyo wa polima iitwayo PCPDTBT na fulerini, molekuli ya kaboni yenye umbo la mpira. Ufanisi wa seli ukapanda kutoka asilimia 2.8 hadi 5.5. Polima ilikuwa ileile na fulerini ileile. Kilichobadilika ni namna utando ulivyokauka. Mwaka 2010 kundi la Chuo Kikuu cha Chicago likafika asilimia 7.4 kwa polima PTB7 na asilimia 3 ya diiodooktani (DIO). Mwaka 2019 watafiti wa Changsha, China, wakatangaza mpokeaji wa elektroni aitwaye Y6, aliyefika asilimia 15.7 pamoja na polima PM6, na humo pia kulikuwa na kiongezi: asilimia 0.5 ya kloronaftalini.

Mwongozo huu unafuata mchanganyiko wa PM6 na Y6, kwa sababu vipimo vyake vimerudiwa katika maabara nyingi, malighafi zake zinauzwa zikiwa tayari, na makosa yake hujitokeza mapema. Mwishoni tunaeleza PTB7 na DIO, ambayo ina tabia zake. Tunadhani msomaji amewahi kutengeneza seli, japo chache, na sasa anataka kupandisha namba zake.

Kiongezi hufanya nini

Seli ya oganiki ina mtoaji wa elektroni, hapa polima, na mpokeaji wake, vyote vimechanganywa ndani ya utando wa takriban nanomita 100. Mwanga ukifyonzwa hutoa eksitoni, yaani elektroni na tundu lake vikiwa bado vimeshikana, na eksitoni husafiri takriban nanomita 10 tu kabla haijafa. Isipokutana na mpaka kati ya mtoaji na mpokeaji ndani ya umbali huo, mwanga huo umepotea. Lakini ukivisaga vitu hivyo viwili vikachanganyika kupita kiasi, chaji hukosa njia ya kutokea na hurudiana humohumo. Kinachotakiwa ni mabonge ya nanomita 10 hadi 20, yaliyoungana mpaka kwenye elektrodi.

Aliyepika wali kwa kuupalia makaa analijua jambo hili. Maji mengi yakishakauka, wali hauepuliwi papo hapo. Huachwa kwenye joto dogo na unyevu kidogo, punje zikakamilika polepole. Klorofomu huchemka kwa nyuzi 61 za Selsiasi na hutoka kwenye kioo kinachozunguka karibu mara moja. Kloronaftalini huchemka kwa takriban nyuzi 260, hivyo hubaki nyuma, na molekuli za Y6 zinapata muda wa kujipanga.

Kiongezi kizuri kina sifa mbili: kichemke kwa joto la juu zaidi kuliko kiyeyushi kikuu, na kiyeyushe kimojawapo cha viambato vizuri kuliko kingine. Kwa PTB7, kinachopendelewa na DIO ni fulerini. Kiongezi kinachoyeyusha vyote sawasawa hufanya kazi ya kiyeyushi kinachochelewa tu, na mara nyingi faida yake ni ndogo.

Hesabu ya dozi, kabla ya kugusa chochote

Asilimia 0.5 inaonekana si kitu. Hebu tuihesabu. Mililita 1 ya mmumunyo ina miligramu 16 za PM6 na Y6. Asilimia 0.5 ya ujazo ni mikrolita 5, na kwa kuwa mililita ya kloronaftalini ina uzito wa gramu 1.19, hizo ni miligramu 6. Klorofomu ikishatoka, kilichobaki juu ya kioo ni miligramu 6 za kiongezi kwa kila miligramu 16 za yabisi, zaidi ya theluthi ya uzito wake. Kwa PTB7 hali ni nzito zaidi: asilimia 3 ya DIO, yenye gramu 1.84 kwa mililita, ni miligramu 55 dhidi ya miligramu 25 za yabisi. Kwa kitambo fulani utando huo ni kiongezi kuliko kitu kingine chochote.

Ndiyo maana tunasisitiza: uwiano wa kiongezi na yabisi ndio unaotawala, na ile asilimia ya ujazo ni njia ya kuandika tu. Ukipunguza mmumunyo kutoka miligramu 16 hadi 12 ili kupata utando mwembamba, ukaacha 0.5 palepale, umepandisha dozi kwa theluthi bila kujua. Watu wengi hudhani wamepima unene kumbe wamepima kiongezi.

Vitu vya kuwa navyo

PM6 na Y6, klorofomu safi, 1-kloronaftalini, PEDOT:PSS ya aina ya AI 4083 (tabaka la chini, kati ya ITO na utando), PDINO (tabaka la juu, kati ya utando na metali), methanoli kavu, vioo vyenye ITO, elektrodi inayopitisha mwanga, ya takriban omu 15 kwa mraba, alumini ya kuvukizia. Vyombo: mizani inayosoma hadi miligramu 0.01, mashine ya kuzungusha, jiko la maabara lenye sumaku ya kukoroga, sanduku la glavu lenye naitrojeni, mashine ya kuvukizia metali kwenye ombwe, na sindano za kioo za mikrolita 50 na 250.

Sindano za kioo si anasa. Pipeti ya kawaida ya plastiki husukuma kwa hewa, na mvuke wa klorofomu hujaza hewa hiyo mara moja, kioevu kikaanza kudondoka chenyewe kabla hujafika kwenye kichupa. Huwezi kupima dozi kwa chombo kinachovuja. Ukilazimika kutumia pipeti, vuta na kusukuma klorofomu mara tatu au nne kwanza ili mvuke utulie ndani yake.

Soma pia lebo ya klorofomu. Nyingine hutunzwa kwa ethanoli, nyingine kwa amilini, na ethanoli inaweza kubadilisha namna polima inavyojikusanya. Chagua moja na usiibadilishe katikati ya kazi.

Klorofomu ishikwe ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Glavu za nitrili haziizuii. Ikidondokea, zivue papo hapo. Ikizeeka kwenye mwanga na hewa hutoa fosjini, gesi ya sumu. Taka zake ziwe na chupa yake ya vimiminika vyenye klorini. Usizimwage kwenye chupa ya asetoni, kwa sababu viwili hivyo vikikutana na besi hupandisha joto kwa nguvu na chupa inaweza kupasuka.

Hatua ya 1: Vioo

Osha ITO kwenye chombo cha mawimbi ya sauti: sabuni ya maabara, maji yaliyoondolewa ayoni, asetoni, kisha isopropanoli, dakika 15 kila kimoja. Kausha kwa naitrojeni, weka kwenye ozoni na urujuanimno dakika 15 hadi 20. Mara baada ya hapo zungusha PEDOT:PSS iliyochujwa kwa kichujio cha mikromita 0.45, mizunguko 4000 kwa dakika. Pasha kwa nyuzi 150 dakika 15 na ingiza kwenye sanduku la glavu kingali na moto. PEDOT:PSS hunywa unyevu kama chumvi ya mawe.

Hatua ya 2: Mmumunyo wa akiba

Usitengeneze mmumunyo mmoja wenye 0.5 na kutumaini. Tengeneza ngazi ya dozi, tena kutoka kwenye chupa moja ya akiba, ili tofauti utakayoiona itokane na kiongezi, wala si mizani.

Pima miligramu 10 za PM6 na miligramu 12 za Y6 kwenye kichupa kimoja. Ongeza mililita 1.1 za klorofomu tupu. Hiyo ni miligramu 20 kwa mililita, uwiano 1 kwa 1.2. Funga kwa kifuniko chenye utando wa PTFE (teflon), weka alama ya kalamu kwenye usawa wa kioevu, na koroga kwa nyuzi 40 saa tatu au zaidi. Usipite nyuzi 50, maana mchemko uko karibu. Usawa ukishuka chini ya alama, rudishia klorofomu mpaka hapo. Inua kichupa kwenye taa: pakiwa na chembe chini au nyuzinyuzi ukutani, polima bado haijayeyuka.

Hatua ya 3: Ngazi

Andaa vichupa vitano vya klorofomu yenye kloronaftalini kwa asilimia hizi za ujazo: 0, 1.25, 2.5, 5 na 10. Viandae kwa ujazo mkubwa kiasi, kwa mfano mililita 2, kwa sababu mikrolita 25 zinapimika vizuri ilhali mikrolita 1.25 hazipimiki.

Kisha, katika vichupa vitano vingine, weka mikrolita 200 za akiba na mikrolita 50 za kimojawapo cha hivyo. Unapata mikrolita 250 za mmumunyo wenye miligramu 16 kwa mililita, na dozi za 0, 0.25, 0.5, 1 na 2. Koroga dakika 30 kwa nyuzi 40, ziache zipoe hadi joto la chumba. Kila kichupa kinatosha vioo saba hivi vya milimita 15 kwa 15.

Kichupa cha sifuri usikiache. Bila hicho hutajua kama kiongezi kimesaidia au ni siku tu imekuwa njema.

Hatua ya 4: Kuzungusha utando

Hapa ndipo seli inapozaliwa, kwa hiyo tuende taratibu.

Washa mashine kwa mizunguko 3000 kwa dakika. Ikishika kasi, dondosha mikrolita 30 katikati ya kioo kwa mkupuo mmoja, ncha ya sindano ikiwa juu ya kioo kwa upana wa kidole hivi. Mkono usisite: tone la pili likifika baada ya la kwanza kuanza kukauka, utaona duara katikati. Acha izunguke sekunde 30. Usidondoshe kioo kikiwa kimesimama, kwa sababu klorofomu huanza kukauka kingoni kabla mzunguko haujaanza.

Tazama rangi. Utando mzuri ni wa bluu iliyokoza, unaong'aa, na maandishi yaliyo nyuma yake yanasomeka bila ukungu. Michirizi mithili ya mkia wa kimondo hutokana na chembe. Chuja mmumunyo kwa PTFE ya mikromita 0.45. Weupe kama maziwa una chanzo kimoja kati ya viwili, na ni muhimu kuvitofautisha. Ukiuona kwenye dozi ya 2 peke yake, ni kiongezi kilichozidi na mabonge yamekua kupita kiasi. Ukiuona kwenye vichupa vyote, hata cha sifuri, ni unyevu: klorofomu inapotoroka hupoza utando kwa nguvu, na umande wa hewani hutua juu yake na kuacha vitundu. Anayefanya kazi nje ya sanduku la glavu pwani, Dar es Salaam au Mombasa, atakutana na hili msimu wa mvua. Kikausha hewa chumbani husaidia. Kubadilisha dozi hakusaidii.

Lenga unene wa nanomita 100 hadi 150. Kwanguza mstari kwenye kipande cha ziada na upime kwa kipima unene. Kama dozi zako zimetoa unene tofauti, rekebisha kasi ya mzunguko, usiguse mkusanyiko, kwa sababu iliyotajwa kwenye hesabu.

Hatua ya 5: Kukiondoa kiongezi

Kiongezi kilichomaliza kazi kinatakiwa kitoke. Kikibaki, utando unaendelea kuwa laini, mabonge yanaendelea kukua polepole, na seli iliyopimwa leo haitakuwa ileile wiki ijayo.

Kwa kloronaftalini, pasha utando kwa nyuzi 110 dakika 10 ndani ya naitrojeni. Usishangae kwamba nyuzi 110 zinaondoa kitu kinachochemka kwa 260: utando ni mwembamba mno, na mvuke wake hauna njia ndefu ya kutoka. Joto hilohilo husaidia Y6 kujipanga. Hakikisha uso wa jiko kwa kipimajoto cha kugusa, maana namba iliyo kwenye kioo cha jiko na joto la juu ya sahani mara nyingi hazilingani.

Pasha na vile vya dozi ya sifuri, muda uleule. Ukipasha vyenye kiongezi tu, umebadilisha vitu viwili kwa pamoja.

Hatua ya 6: Tabaka la juu na metali

Zungusha PDINO, miligramu 1 kwa mililita ya methanoli, mizunguko 3000, sekunde 30. Methanoli hiyo pia huosha masalia kidogo ya kiongezi yaliyo juu ya utando. Peleka kwenye ombwe mpaka shinikizo lishuke chini ya paskali 0.0005, vukiza alumini nanomita 100. Anza polepole, nanomita 0.1 kwa sekunde kwa nanomita 10 za kwanza, kisha ongeza kasi.

Hatua ya 7: Kupima

Sanifu taa kwa seli rejea ya silikoni hadi miliwati 100 kwa sentimita ya mraba, wigo wa AM1.5G, yaani wigo sanifu wa mwanga wa jua. Funika seli kwa barakoa ya chuma yenye tundu la eneo linalojulikana. Bila barakoa, kingo huchangia mkondo na utajipongeza bure. Pima angalau seli nane kwa kila dozi, na uandike wastani na mtawanyiko pamoja na ile bora.

Namba za kulinganisha ni zile za ripoti ya 2019: volteji ya saketi wazi 0.83, mkondo wa saketi fupi miliampea 25.3 kwa sentimita ya mraba, kipengele cha ujazo (nguvu ya juu ya seli ikigawanywa kwa zao la volteji na mkondo huo) asilimia 74.8. Zidisha 0.83 kwa 25.3 kwa 0.748 upate 15.7. Ukifika 14 kwa mara ya kwanza, umefanya kazi nzuri. Mkondo wako ulinganishwe pia na ule unaotokana na kipimo cha ufanisi wa kwanta kwa kila rangi ya mwanga. Vikiachana kwa zaidi ya asilimia 5, kasoro iko kwenye taa au kwenye eneo, na hapo usisifie kiongezi wala kukilaumu.

Kusoma matokeo ya ngazi

Kwa kawaida mkondo na kipengele cha ujazo hupanda pamoja kutoka sifuri kwenda 0.5, kisha vyote huanza kuanguka. Volteji hushuka kidogo kadiri mpokeaji anavyojipanga. Hilo ni la kawaida, mradi mengine yanapanda kuliko volteji inavyoshuka.

Mkondo ukianguka kwenye dozi kubwa huku volteji ikiwa palepale, mabonge yamekuwa makubwa kuliko safari ya eksitoni. Kipengele cha ujazo kikianguka peke yake, shuku masalia ya kiongezi: chukua vioo viwili vya kundi moja, kimoja ukiache kwenye ombwe usiku kucha kabla ya PDINO, kingine ukimalize mara moja, kisha ulinganishe. Kile cha ombwe kikiwa bora, ongeza muda wa kupasha. Mkunjo wa umbo la herufi S hauhusiani sana na kiongezi; kagua tabaka la PDINO na PEDOT:PSS. Dozi zote zikitoa matokeo yaleyale mabovu, tatizo liko kabla ya kiongezi: polima ya kundi jingine yenye uzito tofauti wa molekuli, PEDOT iliyozeeka, au ITO chafu.

Ukihamia kwenye kiyeyushi kisicho na klorini kama otho-zailini, kinachochemka kwa nyuzi 144, anza ngazi upya kutoka sifuri. Utando wenyewe unakauka polepole, hivyo dozi iliyofaa kwenye klorofomu inaweza kuwa ya kuzidi hapo.

PTB7 na DIO

Miligramu 10 za PTB7 na miligramu 15 za fulerini iitwayo PC71BM kwa mililita ya klorobenzini, koroga usiku kucha kwa nyuzi 60, ongeza DIO asilimia 3. Zungusha kwa mizunguko 1000 hadi 1500 kupata nanomita 90 hadi 100. Bila DIO, fulerini hujikusanya mabonge ya nanomita mia na zaidi na ufanisi huwa karibu asilimia 4. Ikiwepo, hupita 7.

Utando huu haupashwi moto, kwa sababu joto humharibia PTB7 mpangilio wake. DIO huondolewa kwa ombwe kali, au kwa kudondosha methanoli juu ya utando unaozunguka kwa mizunguko 2500. Methanoli haiyeyushi PTB7 wala fulerini, lakini hubeba DIO. Ombwe hafifu la pampu ya kawaida halitoshi, na hapa ndipo wengi wanapokosea: utando huonekana mkavu kwa macho huku DIO ikiwa bado ndani.

Masalia ya DIO yana madhara kuliko ya kloronaftalini. Kifungo kati ya kaboni na iodini huvunjika kwa urujuanimno na kuacha radikali zinazoshambulia polima na fulerini. PTB7 yenyewe haipendi hewa na mwanga vikiwa pamoja, kwa hiyo masalia hayo huharakisha uchakavu uliokuwapo tayari. Ukitaka kujua kama umeondoa ya kutosha, acha seli mbili chini ya taa ndani ya naitrojeni, moja iliyooshwa kwa methanoli na nyingine ambayo haikuoshwa, na upime kila saa moja.

Chupa ya DIO ikae gizani, imezungushiwa karatasi ya alumini. Vipande vya shaba vilivyomo ndani ni vya kuitunza, usivitupe. Ikiwa mpya karibu haina rangi. Ikigeuka waridi au kahawia, iodini imeanza kujitenga. Usiitumie, hata kama lebo inasema muda wake haujaisha.